Malkia Asiye na Kibanja

Kumpa mwanamke kiti cha enzi ni kazi ya dakika moja, ikiwa kiti chenyewe ni cha kubuni. Unaandika sentensi moja: nchi hii hutawaliwa na wanawake. Unaongeza jeshi la wanawake wenye mikuki, baraza la mabibi wenye hekima, na mwanamume mmoja au wawili wanaobeba maji nyuma ya msafara ili watu wacheke. Umemaliza. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Ninachotaka kuuliza ni kama kazi nyepesi namna hiyo ina wajibu wowote ndani yake. Na ninauliza nikiwa hapa, kati ya Karagwe na Kyerwa, ambako swali la nani mwenye nchi bado huanza na swali la nani mwenye migomba.

Kwanza nieleze mchezo, maana si kila mtu anaujua. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao, msimulizi, anabuni dunia: milima yake, miji yake, sheria zake, miungu yake. Wengine kila mmoja anabuni mhusika na kumwigiza. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye lango la mji, mlinzi anawauliza mnatoka wapi," na wachezaji wanajibu kwa vinywa vya wahusika wao. Mahali penye bahati nasibu, kama vile kupigana au kudanganya, dadu huamua. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mimi niliujulia chuoni Dar es Salaam. Likizo ninaporudi nyumbani tunacheza Kayanga, kwenye chumba cha rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya simu. Dadu la pande ishirini halipatikani Kayanga wala Omurushaka, kwa hiyo tunatumia programu ya simu. Umeme ukikatika na simu zikazima, tunaandika namba kwenye vikaratasi na kuvichota ndani ya kikombe.

Mimi ndiye msimulizi. Likizo iliyopita nilileta dunia yenye nchi inayotawaliwa na wanawake, iliyo ng'ambo ya mto unaofanana sana na Kagera. Kabla sijafika mbali, mmoja wetu, mwalimu wa sekondari, akasema mhusika wake haingii huko bila silaha. Nikamuuliza kwa nini. "Nchi ya wanawake watupu? Lazima kuna mtego." Wote tukacheka. Aliyefuata kuuliza alikuwa dada yangu, mdogo wangu kwa miaka mitatu, ambaye hucheza mganga wa mitishamba asiyekufa kirahisi. Yeye hakuuliza habari za mtego. Aliuliza: "Huko kwenu, baba akifa, binti anapata nini?"

Vitabu vya mchezo havina ukurasa wa mirathi. Vina majedwali ya silaha, bei za farasi, uzito wa dhahabu, na idadi ya askari ambao malkia anaweza kuwaita kwa siku moja. Swali la dada lilikuwa halina jedwali. Ndilo lililonifanya niende kusoma, na nilichokisoma ndicho ninachokiandika hapa.

Nianze na mtego wa mwalimu, maana una historia ndefu kuliko yeye anavyodhani. Mwaka 1978 Gygax aliingiza katika mchezo wake taifa la Drow: viumbe waishio chini ya ardhi, wenye ngozi nyeusi na nywele nyeupe, wanaomwabudu Lolth, mungu wa kike mwenye umbo la buibui. Kwao wanawake ndio makuhani na watawala. Na kwao usaliti, sumu na kuua ndugu ni mambo ya kila siku. Baadaye waandishi wengine waliwakuza, na shujaa wa Drow anayependwa kuliko wote, Drizzt, ni mwanamume mwema aliyelazimika kuwakimbia wanawake wa nyumbani kwake ili aweze kuwa mwema. Tazama jinsi mambo matatu yalivyofungwa katika fundo moja: weusi, utawala wa wanawake, na uovu. Kijana anayeujua mchezo huu kwa mara ya kwanza anapewa fundo zima, wala hakuna anayemwambia kwamba linafunguka.

Fundo lenyewe lilifungwa zamani. Mwaka 1887 Mwingereza H. Rider Haggard alichapisha riwaya iitwayo She. Ndani yake, mahali fulani barani Afrika kaskazini ya mdomo wa mto Zambezi, yuko malkia mweupe asiyekufa, na wako watu wake ambao kwao ukoo huhesabiwa kwa mama na mwanamke ndiye humchagua mume. Mzee mmoja wa watu hao anawaeleza wageni kwamba wanaume huwaheshimu wanawake mpaka wanapokuwa hawavumiliki, kisha, karibu kila kizazi cha pili, huinuka na kuwaua wale wazee ili wadogo wajifunze. Anayasema hayo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza msimu wa kupogoa kahawa.

Ningependa kusema haya ni mambo ya Wazungu, niishie hapo. Lakini Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, aliandika simulizi la Wagikuyu kuhusu asili ya koo zao. Hapo kale, simulizi linasema, wanawake ndio walitawala. Walikuwa wakali, wakawa na waume wengi kila mmoja, na kuwaadhibu wanaume kwa makosa madogo. Wanaume wakafanya njama: wakawapa mimba wote kwa wakati mmoja, na walipokuwa wazito wakaipindua serikali yao. Wanawake waliweza kuokoa kitu kimoja tu, majina ya koo, kwa kutishia kwamba yakibadilishwa hawatazaa tena. Wakaachiwa majina. Mali na utawala vikaenda upande wa pili.

Mwaka uleule wa 1974 Dungeons & Dragons ilipotoka, mwanaanthropolojia Joan Bamberger alichapisha makala kuhusu simulizi za aina hii huko Amerika ya Kusini, ambako nako husimuliwa kwamba zamani wanawake walitawala wakapinduliwa. Hoja yake ni rahisi na inauma. Simulizi hizi, alisema, si kumbukumbu ya utawala wa wanawake. Ni sababu inayotolewa kwa nini wasitawale sasa: walishapewa, wakaharibu. Kila linaposimuliwa, mvulana anafundishwa kwamba alichonacho kilipatikana kwa haki, na msichana anafundishwa kwamba alishapata zamu yake.

Basi mwalimu wetu alipodai silaha mlangoni, hakuwa anatania tu. Alikuwa anarudia somo.

Upo upande wa pili, ule wa pepo. Hapo nchi ya wanawake haina vita, haina njaa, haina wivu, na kila mtu hulima akiimba. Huu nao una mzizi wa kitaaluma. Mwaka 1861 msomi wa Uswisi, Johann Jakob Bachofen, alichapisha kitabu kikubwa akidai kwamba wanadamu wote walipitia enzi ya haki ya mama kabla ya enzi ya baba. Wengi walivutwa nacho, wakiwemo wanamapinduzi waliotaka kuamini kwamba usawa si ndoto bali ni kumbukumbu. Ushahidi wa enzi hiyo kwa binadamu wote haujapatikana. Lakini pepo ina mvuto wake, nami nauelewa. Ukiwa umechoka, inatosha kuambiwa kwamba palikuwa na mahali.

Novemba ya mwaka huohuo wa 1861, wakati wasomi wa Ulaya wakijadili wanawake wa kale, John Hanning Speke na James Grant walifika Karagwe kwa Rumanyika, omukama wa ukoo wa Wahinda. Rumanyika aliwapokea vizuri. Ziwa lililo karibu na ikulu wageni hao waliliita Little Windermere, kwa kulifananisha na ziwa la Uingereza. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863 kuna ramani, kuna mfalme mpole, kuna ngoma ya ajabu ambayo asiye mrithi halali hawezi kuiinua. Na kuna wanawake wa ikulu, waliokuwa wakinyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama. Speke alimpima mmoja wao kwa futi na inchi: mkono, kifua, paja, kimo. Vipimo vyote vipo kitabuni.

Nilipokisoma mara ya pili niliona kwamba kinafanana na vitabu vya mchezo wetu kuliko nilivyotarajia. Kina kila kitu ambacho msimulizi wa dunia ya kubuni huandaa: jiografia, mtawala, hazina, mila za kushangaza. Mwanamke wa Karagwe anaingia ndani yake kama kipimo. Alifikiri nini juu ya yale maziwa, ng'ombe waliokamuliwa walikuwa wa nani, na angeweza kukataa au la, hayo hayapo. Mimi kama mtu wa huku ninayebuni dunia, huyo ndiye mtangulizi wangu, nipende nisipende. Kosa la Speke kwa mwanamke yule halikuwa kumwita dhaifu au mwovu. Alimfanya awe wa kutazamwa tu. Na malkia mwenye mkuki, aliyechorwa vizuri kwenye jalada, naye anaweza kuwa wa kutazamwa tu.

Kumbe nchi zetu za maziwa makuu zilikuwa na mengi ya kumfunza mbunifu kuliko mtego na pepo. Buganda, mama wa Kabaka, Namasole, alikuwa na ikulu yake, maofisa wake na ardhi yake, mbali na mwanawe. Bunyoro palikuwa na Kalyota, dada rasmi wa mfalme, mwenye cheo chake mwenyewe. Ng'ambo ya Kagera, Rwanda, baada ya mapinduzi ya Rucunshu mwaka 1896, Kanjogera alimweka mwanawe Musinga kwenye kiti, na kwa miaka mingi nguvu halisi ilikuwa mkononi mwake yeye mama. Hawa si malaika wala si buibui. Kanjogera alimwaga damu. Namasole alitoza na kuamuru. Walikuwa watu wa siasa. Lakini angalia nguvu yao ilipita wapi: kwa mwana, kwa kaka, kwa mume aliyekufa. Mwanamke wa ikulu alikuwa na ardhi, na mwanamke wa kawaida, mke wa mkulima, alikuwa na jembe.

Huko Morogoro, kwa Waluguru, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Wanafunzi wenzangu hupenda kuutaja mfano huu kama ushahidi wa mfumo jike. Lakini kurithi kwa upande wa mama ni jambo moja, na mama kutawala ni jambo jingine. Katika ukoo wa namna hiyo mwenye sauti mara nyingi ni mjomba. Ardhi inapita kwa mwanamke kama maji yanavyopita kwenye bomba: bila bomba hayafiki, ila bomba haliulizwi yaelekee wapi. Hata hivyo kuna tofauti inayoonekana. Binti aliyeachika akirudi kwenye ardhi ya mama yake, amerudi kwake. Binti wa kwetu akirudi, amerudi kwa kaka yake.

Na Karagwe yenyewe ina malkia wake wa simulizi. Zipo simulizi zinazosema kwamba Nyabingi alikuwa malkia wa Karagwe, akaolewa na mtawala wa Mpororo, na mumewe akamuua ili aichukue nchi yake. Balaa likaanguka, na roho ya malkia ikaanza kusema kupitia watu, wengi wao wanawake. Simulizi hizi hazikubaliani: nyingine humpeleka Nyabingi kwingine kabisa. Kisichobishaniwa ni kwamba wakoloni waliwaogopa waliosema kwa jina lake. Muhumusa, aliyejulikana kama mjane wa Rwabugiri, mwami wa Rwanda, alifungwa na Wajerumani hapo Bukoba. Alipoachiwa akavuka kwenda Kigezi, akakusanya watu, na mwaka 1911 Waingereza wakamkamata. Alikufa uhamishoni Kampala mwaka 1945. Jina la Nyabingi lilivuka bahari hadi Jamaika, likawa jina la ngoma na mikusanyiko ya Rastafari.

Naipenda sana habari hii, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Katika simulizi hilo mwanamke ana nguvu kamili akishakufa. Akiwa hai alikuwa na nchi, na kwa sababu hiyo aliuawa. Akiwa roho ana mamlaka juu ya kila mtu, ila hana shamba. Sisi wabunifu hufanya vivyo hivyo. Tunampa mwanamke nguvu mahali ambapo haimgharimu mtu aliye hai: enzi za kale, mbinguni, kwenye mchezo. Hizo ni nchi tatu zisizo na ofisi ya ardhi.

Sasa nirudi kwenye swali la dada, kwa sababu mkoa wetu wa Kagera ulilijibu mahakamani kabla yeye hajazaliwa. Mwaka 1963 serikali ilitangaza kanuni za sheria za mila. Kanuni hizo zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Agosti 1988, huko Muleba, mwanamke Mhaya aitwaye Holaria Pastory, aliyekuwa mzee na asiye na wa kumtunza, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Mtu wa ukoo wake akashtaki. Mahakama ya Mwanzo ikasema mauzo ni batili. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile ni ya ubaguzi na haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984.

Soma kwa makini kilichokuwa kinabishaniwa. Hakuna aliyesema Holaria asiishi pale. Hakuna aliyesema asilime. Mwanamume wa ukoo akiuza kibanja, ndugu hukimbilia kukikomboa kwa pesa, maana ameuza kweli. Holaria alipouza, alijibiwa kwamba hakuuza. Tendo lake halikuhesabiwa kuwa tendo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la utawala wa mwanamke, katika dunia halisi na katika dunia ya kubuni, si nani amekaa juu. Ni nani ambaye ndiyo yake na hapana yake vinahesabika, hata kama uamuzi wake hautupendezi.

Ukikubali hilo, vipimo vyetu vya nchi za kubuni vinabadilika. Malkia mmoja si kipimo. Tanzania inaongozwa na mwanamke tangu Machi 2021, na hakuna mwenye akili atakayesema kwamba kwa hiyo sisi ni nchi ya mfumo jike. Jeshi la wanawake si kipimo pia. Kwenye meza yetu tumekubaliana kwamba msimulizi akileta nchi mpya, iwe ya wanawake au ya wanaume, wachezaji wana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kuvuka mto. Mtoto akifiwa na mzazi, anapata nini? Aliyeolewa au aliyeoa akirudi nyumbani, amerudi kwa nani? Na mtu asiye na cheo akisema hapana, nini humpata?

Tulipoyajibu maswali hayo kwa nchi yangu ya ng'ambo ya mto, ilibadilika yenyewe. Malkia alibaki, lakini alipungua urefu. Tulikuta kwamba kama vibanja vinarithiwa na mabinti, basi vijana wa kiume ndio wanaohama, na waume wanaishi ugenini kwa mama wakwe. Mwalimu, yule wa silaha, alijikuta anaigiza mume kijana ambaye mkewe amefariki, na mama mkwe anamuuliza kwa upole ataondoka lini. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Lakini hii kahawa nimeipanda mimi." Hakuna aliyemcheka. Sentensi ile tumeisikia wote, na kila mara tulikuwa tumeisikia kwa sauti ya mwanamke.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao lina uzito. La kwanza: huu ni mchezo, watu wamechoka, kwa nini kila kitu kigeuzwe semina? Najibu kwamba sijaona mtu aliyechoka kwa maswali yale matatu. Kinachochosha ni nchi ambayo ukisukuma ukuta wake unakuta ni boksi. La pili ni zito zaidi, na alilitoa msichana mmoja anayecheza nasi, muuguzi. Alisema, "Mimi nataka tu kuwa malkia kwa saa tatu. Mirathi ninayo nyumbani." Ana haki. Mtu anayebeba jambo mchana kutwa hadaiwi alibebe na usiku. Jibu langu kwake ni kwamba wajibu ninaousema ni wa mbunifu kabla ya kuwa wa mchezaji. Yeye apewe taji na farasi mweupe. Mimi niliyebuni nchi ndiye nidaiwe hesabu ya nani aliyelipia farasi.

Pingamizi la tatu nilijitolea mwenyewe. Kubuni nchi yenye haki hakumrudishii mtu yeyote hata mgomba mmoja. Inaweza hata kuwa kifuta machozi: tumetenda haki Jumamosi usiku, kwa hiyo Jumapili tunaweza kwenda kwenye kikao cha ukoo mioyo ikiwa safi. Hili siwezi kulikanusha kwa hoja. Mchezo ni mazoezi, na mazoezi hupimwa uwanjani.

Nyumbani kwetu ni upande wa Nkwenda, Kyerwa. Tuna kibanja cha migomba na kahawa, na ndani yake kuna kaburi la babu na la bibi. Tuko watoto wawili. Kwa desturi mimi ndiye mrithi, sina haja ya kuomba chochote, kukaa kimya kunatosha. Dada amelima pale kuliko mimi kwa kuwa mimi nilipelekwa shule za bweni. Likizo hii nilimwomba baba aandike wosia, na sehemu ya bondeni iandikwe jina la dada.

"Nani anamfukuza?" baba akauliza. "Hata akizeeka ataishi hapa."

"Kuishi ni kitu kimoja, baba. Na akitaka kuuza?"

Alikaa kimya muda mrefu. "Akiuza, mwanangu, kaburi la babu yako litakuwa la nani?"

Si swali la mtu mbaya. Ni swali la mtu anayejua kwamba ardhi si mali tu, ni mahali pa wafu wake. Sikuwa na jibu la haraka na sikutoa. Nilimwambia tu kwamba mimi nami ninaweza kuuza, naishi Dar es Salaam, na hajawahi kuniuliza habari za kaburi. Akatabasamu kidogo, akasema tutaongea msimu wa senene, ndugu wakiwa wamekuja.

Dada bado hajui kama tumeongea. Ikifika siku hiyo, kikao kitamtazama baba, na baba atanitazama mimi, kwa sababu ninayepungukiwa ni mimi. Kwenye mchezo nimeshagawa falme nzima bila kupoteza kitu. Hapa ni eka moja na nusu ya bondeni, yenye mibuni iliyozeeka, na hiyo nitapaswa kuitaja kwa sauti mbele ya wajomba na baba wadogo, nikijua kwamba ikienda hairudi.